Kukusanya vifaru na askari wadogo: mwongozo kamili wa kuchagua, kununua na kutunza

Viwanda vya Ujerumani havikufikisha hata vifaru 1,400 vya aina ya Tiger I. Vya Sherman, Marekani ilitoa karibu 50,000. Lakini fungua kabati la mkusanyaji wa mifano midogo ya zana za vita uhesabu: utakuta Tiger tatu, nne, tano, na Sherman moja imesukumwa nyuma, kama ipo. Malori hayamo kabisa. Farasi ndio usiseme, ingawa jeshi hilohilo la Ujerumani lilitumia farasi zaidi ya milioni 2 kukokota mizinga, risasi na chakula.

Naanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo iliyogeuza mkusanyiko wangu. Miaka ya mwanzo nilinunua kila kilichonivutia: kifaru cha jangwani leo, askari wa Napoleon kesho, ndege keshokutwa, kila kimoja kwa ukubwa wake. Nilipofikisha kama arobaini nikavipanga vyote mezani, nikaona nina rundo tu. Hakuna kilichozungumza na mwenzake. Niliuza zaidi ya nusu nikaanza upya, na mambo yafuatayo ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta swali la mkusanyiko wako

Usianze na duka, anza na swali. Mkusanyiko mzuri hujibu jambo fulani hata kama mwenyewe hajalitamka. Kifaru kilibadilikaje tangu Mark I ya Waingereza ilipotokea kwenye uwanja wa Somme tarehe 15 Septemba 1916 hadi leo? Kikosi kimoja cha watembea kwa miguu kilibeba nini, kilipanda nini, kilivutwa na nini? Gari moja tu, tuseme Sherman, lilipitia mikono ya majeshi mangapi na kila jeshi lililigeuzaje?

Swali la aina hiyo linakusaidia kwa njia mbili. Kwanza, linakuzuia kununua hovyo: ukiona kitu kizuri kwa bei nzuri, unajiuliza kama kina mahali pake. Pili, linakuonyesha pengo. Aliyeamua kufuata historia ya kifaru atajua kwamba bila Renault FT, ile ndogo ya Wafaransa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, hadithi yake imekatika, maana mpangilio wake ndio tunaouona hadi sasa: dereva mbele, injini nyuma, na katikati kichwa kinachozunguka pande zote na silaha yake.

Nakushauri uanze na swali dogo. "Vita Kuu ya Pili" ni bahari, huwezi kuimaliza. "Magari ya kikosi kimoja cha deraya kule Tunisia, kuanzia Januari hadi Mei 1943" ni ziwa unaloweza kulizunguka kwa mitumbwi ishirini, na kila utakachojifunza kitakaa kichwani. Likiisha utalipanua mwenyewe.

Na tafadhali, weka malori. Jeep, lori la GMC la magurudumu sita, gari la wagonjwa, jiko la kukokotwa, pikipiki yenye kiti cha pembeni. Rafu yenye vifaru vitupu inaonyesha silaha, ila ukiongeza lori la mafuta na fundi aliyelala chini yake, sasa unaonyesha jeshi.

Hatua ya 2: Chagua skeli moja na uishike

Huu ndio uamuzi utakaokugharimu zaidi ukikosea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Skeli ni uwiano. Skeli ya 1:35 maana yake sentimita 1 ya mfano ni sentimita 35 za gari lenyewe. Tiger I, ukipima pamoja na mtutu wake uliochomoza mbele, ilikuwa na urefu wa mita 8.45. Gawanya kwa 35 unapata sentimita 24. Kwa 1:48 unapata 17.6. Kwa 1:72 unapata chini kidogo ya 12. Hesabu hii ifanye kwa kila gari unalolitaka kabla ya kununua hata moja, kisha chukua futi ukapime rafu zako.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba nafasi haipungui kama urefu unavyopungua. Kifaru cha 1:72 ni karibu nusu ya urefu wa kile cha 1:35, lakini pia ni nusu ya upana, kwa hiyo kinakula robo tu ya rafu. Mahali pa kimoja pataenea vinne. Kwa mtu mwenye kabati moja, hiyo ndiyo tofauti kati ya vifaru kumi na vifaru arobaini.

Skeli hizi hazikutungwa na kamati moja, kila moja ina asili yake, na ukiijua asili utaelewa kwa nini hazipatani. Ile ya 1:72 imetoka kwenye vipimo vya Kiingereza: inchi moja kwa kila futi sita, hivyo mtu wa futi sita anakuwa inchi moja kamili. Ya 1:76, iliyoenezwa na kampuni ya Kiingereza ya Airfix, inakwenda sambamba na treni ndogo za Kiingereza za ukubwa uitwao 00. Ya 1:87 ni ya treni za HO, na ndipo walipoingia Roco wa Austria na vifaru vyao vidogo vilivyopendwa sana. Ile maarufu kuliko zote, 1:35, ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na mota na betri zilizotakiwa kuenea ndani. Walipokuja kupima baadaye, wakakuta ni kama 1:35. Vifaru vilivyofuata vikaundwa kulingana na hicho, na ulimwengu mzima ukafuata.

Askari wana lugha yao. Wao hutajwa kwa milimita za urefu: 54 ni kipimo cha askari wa jadi, 28 na 15 ni vya michezo ya vita ya mezani. Hapo pana mtego. Askari wa milimita 28 mara nyingi huchongwa na vichwa vikubwa, mikono minene na bunduki nene ili waonekane vizuri mezani kutoka mbali. Ukimsimamisha kando ya kifaru kilichopimwa sawasawa, ama askari ataonekana jitu, ama kifaru kitaonekana mtoto. Kama huchezi michezo ya vita, achana navyo.

Je, unaweza kuchanganya 1:72 na 1:76? Tofauti yao ni kama asilimia 5. Lori na kifaru vikikaa rafu moja macho hayatagundua. Askari wawili wakisimama bega kwa bega, utagundua mara moja.

Ushauri wangu: kama unapenda zaidi kukusanya na huna nafasi kubwa, chukua 1:72. Ina karibu kila kitu, na kasoro ndogo za rangi hazionekani. Kama raha yako iko katika kuunganisha, kupaka na kukaa wiki tatu juu ya gari moja, chukua 1:35, kwa sababu vipuri, askari na stika zake ni vingi kuliko vya skeli nyingine yoyote ya magari. Ile ya 1:48 ni nzuri kwa mkono na kwa jicho, nami naipenda, lakini orodha yake ni fupi. Aliyeichagua awe tayari kukosa baadhi ya magari.

Hatua ya 3: Jua kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani

Malighafi ndiyo inayoamua kitu kitaishi miaka mingapi na kitakufa kwa ugonjwa gani. Seti nyingi za kuunganisha ni plastiki ngumu iitwayo polistirini. Inakatika, inashikana vizuri kwa gundi yake, na ikiepushwa na joto na jua hudumu miongo mingi. Askari wadogo wa 1:72 mara nyingi ni plastiki laini ambayo rangi haiishiki vizuri, na walio wazee wanaweza kuwa wakavu hadi mguu unavunjika ukiugusa. Rezini, utomvu wa kikemikali unaoganda kwenye kalibu, humiminwa kwa magari adimu ambayo viwanda vikubwa haviyagusi. Inachukua umbo kwa undani mzuri ajabu, lakini ni ya kuvunjika, na vumbi lake ukiisugua kwa msasa si la kuvuta, kwa hiyo vaa barakoa na usugue ikiwa na maji. Siku hizi kuna pia vitu vya printa za 3D, vingine safi sana, vingine vyenye mistari kama ngazi. Omba picha ya karibu kabla ya kulipa.

Upande wa chuma kuna magari ya kuyeyushwa ya zinki, kama yale ya Dinky Toys na Solido, na askari wa madini ya risasi. Hao wa risasi wana historia ndefu. Wajerumani wa Nuremberg walitengeneza askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1893 William Britain wa Uingereza akaleta njia ya kumimina askari aliye mtupu ndani: risasi iliyoyeyuka inamiminwa katika kalibu, ikishaganda ukutani tu ile ya katikati inamwagwa. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, na kampuni iliendelea hivyo hadi 1966. Kuna pia wale wa Elastolin na Lineol wa Ujerumani, waliofinyangwa kwa unga wa mbao na gundi juu ya mifupa ya waya. Hao hawapendi unyevu hata kidogo: waya unapata kutu ndani, unavimba, na mwili unapasuka.

Hatua ya 4: Soma gari kabla ya kulinunua

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Gari la vita halikuwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kila miezi kadhaa kiwanda kilibadili kitu: gurudumu, mlango, taa, unene wa chuma. Kwa hiyo mfano wowote unaonyesha gari la kipindi fulani, na maandishi ya kwenye boksi yanaweza kuwa si ya kweli.

Chukua T-34 ya Wasovieti. Ile ya awali ilikuwa na mzinga wa milimita 76 na kichwa kidogo cha watu wawili. Yenye mzinga wa milimita 85 na kichwa kikubwa cha watu watatu ilianza kutoka viwandani kuelekea mwanzo wa 1944. Sasa vita vya Kursk vilipiganwa Julai 1943. Ukiona T-34/85 imeandikwa "Kursk", umeshajua la kumwambia muuzaji.

Rangi nayo husema tarehe. Magari ya Ujerumani yalikuwa ya kijivu kilichokolea hadi Februari 1943, agizo lilipotoka kwamba rangi ya msingi iwe manjano iliyokolea, na vikosi vikaongezea madoa ya kijani na hudhurungi. Kifaru cha kijivu kitupu Normandy mwaka 1944 kitatakiwa kuwa na picha ya kukithibitisha. Vivyo hivyo ule udongo wenye mistari uitwao Zimmerit, uliopakwa ili mabomu ya sumaku yasinate: viwanda viliupaka kuanzia nusu ya pili ya 1943 hadi Septemba 1944. Panther iliyopigana Kursk haikuwa nao.

Na Sherman? Tazama kingo za mwili wake. Zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, ni M4A1, iliyomiminwa kwa kalibu. Zikiwa za pembe kali, zimechomelewa, kama M4A3. Ukishajua hilo moja, hutatazama tena Sherman yoyote kwa haraka.

Zoea kutafuta picha zilizopigwa wakati ule wenyewe. Majumba ya makumbusho ni mwalimu mwema: Bovington kule Uingereza pana Tiger 131, iliyotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943 na ambayo bado inatembea kwa injini. Saumur kule Ufaransa pana mkusanyiko mkubwa wa vifaru halisi. Kulmbach nchini Ujerumani, ndani ya ngome ya Plassenburg, wako askari wa bati zaidi ya 300,000. Ila gari la makumbusho limepakwa upya mara nyingi na huenda limevikwa vipuri vya gari jingine. Umbo lipime hapo, lakini rangi na namba zithibitishe kwa picha ya vitani.

Hatua ya 5: Nunua kwa macho mawili

Kwa seti mpya za kuunganisha, jambo kubwa ni kujua umri wa kalibu. Boksi jipya halimaanishi kitu kipya. Kalibu ya chuma hudumu, inauzwa, inakodishwa, na seti iliyotoka mara ya kwanza miaka ya 1970 inaweza kurudi leo ikiwa na picha inayong'aa na jina la kampuni nyingine. Tovuti ya Scalemates huonyesha ukoo wa kila seti: ilitoka lini, ikapitia maboksi gani. Dakika mbili hapo zitakuokoa. Dalili nyingine ni matundu chini ya mwili wa kifaru. Hayo ni mabaki ya zama za mota, yalikuwa ya swichi na betri.

Seti ya mtumba iliyofunguliwa usiinunue bila kuhesabu. Chukua karatasi ya maelekezo, tafuta ukurasa unaoonyesha fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande), na ulinganishe fremu kwa fremu, kipande kwa kipande. Vinavyopotea mara nyingi ni vidogo: bunduki ya rashasha, vioo, ndoano. Stika za kulowekwa zikiwa za manjano, zibandike kwa utepe dirishani zikilitazama jua siku kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki, mara nyingi weupe hurudi. Zikiwa za zamani sana, zipulizie vanishi angavu kabla ya kuziloweka, la sivyo zitasambaratika majini kama mkate.

Magari ya zinki na askari wa kale wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Beba vitu vitatu: kioo cha kukuzia, tochi ndogo, na taa ya urujuanimno (UV). Pindua gari utazame ribiti zinazoshikilia sakafu yake. Zikiwa zimetobolewa na kurudishwa, au mahali pake pana skrubu, gari limefunguliwa, na sababu ya kufungua karibu siku zote ni kupakwa upya. Tazama rangi ndani ya mifereji: ya kiwandani ni nyembamba na ya kulingana, ya nyumbani hujikusanya pembeni. Kisha zima taa ya chumba uwashe ya urujuanimno. Rangi iliyoongezwa baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na ile ya mwanzo. Boksi nalo limulike, maana karatasi ya kisasa huwa na kemikali ya kuifanya nyeupe, nayo huwaka buluu, ambapo karatasi nyingi za kabla ya miaka ya 1950 hubaki zimefifia. Boksi la "1938" linalowaka kama shati jipya ni nakala.

Nakala si dhambi ikiwa imeuzwa kama nakala. Tairi mpya kwenye gari la zamani, mtutu uliobadilishwa, boksi la kuchapishwa upya, vyote nimevinunua na ninaviheshimu. Neno langu ni moja: yaandikwe, na bei iyaonyeshe.

Kitu cha kukikataa papo hapo ni zinki yenye ugonjwa. Magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yalimiminwa kwa zinki iliyochafuliwa na risasi kidogo. Uchafu huo hula chuma kutoka ndani, kati ya punje na punje. Dalili ni nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, mwili uliovimba au kujipinda, rangi iliyoinuka vipele. Hakuna dawa. Hauambukizi vitu vingine, kinyume na watu wasemavyo, lakini gari hilo litaendelea kubomoka hata ukiliweka wapi. Unyevu na mabadiliko ya joto huharakisha tu.

Hatua ya 6: Kuunganisha, ikiwa unanunua seti

Mafundi wanajaza vitabu kwa hili, nami nitasema machache yanayomhusu mkusanyaji. Osha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kalibu. Kata kipande kwa koleo la kukatia lililo bapa upande mmoja, ukiacha kijisehemu, kisha ukimalizie kwa kisu na msasa. Ukikata karibu kabisa na kipande utang'oa plastiki yake. Paka rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba mbili tatu badala ya moja nene. Kabla ya stika, paka vanishi inayong'aa. Stika ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunasa chini yake na utaona utando wa fedha. Mwisho vanishi isiyong'aa, ndipo vumbi na matope.

Juu ya matope nina msimamo. Tope liwe la mahali: jekundu, jeusi, la mchanga, kulingana na lilipopigana gari, na liwe zaidi chini, kidogo juu. Kifaru kilichopata kutu mwili mzima si cha kweli, kwa kuwa vifaru vingi vya vitani havikuishi muda wa kutosha kushika kutu hiyo. Kutu iweke kwenye bomba la moshi na kwenye minyororo.

Amua pia kiwango kimoja cha rangi kwa mkusanyiko mzima. Magari kumi yaliyopakwa kwa wastani ule ule hupendeza rafuni kuliko tisa ya wastani na moja la ajabu.

Hatua ya 7: Kabati, na maadui wanaokaa ndani yake

Vumbi kila mtu analijua. Kabati la vioo lenye mlango unaofunga vizuri linalimaliza kwa sehemu kubwa, na lililobaki liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, ukianzia juu kushuka. Waya za redio ndizo zitakazokatika, hivyo zishikie kwa kidole. Taa ziwe za LED, zenye joto dogo, na kabati lisitazame dirisha. Jua hufifisha rangi na stika, na joto lake hupinda mitutu myembamba.

Maadui wabaya ni wale wasioonekana. Mbao mbichi, hasa mwaloni, na mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa mvuke wa asidi ya siki. Mvuke huo ukifungiwa kabatini pamoja na askari wa risasi, huwageuza taratibu kuwa unga mweupe. Ukiona ukungu mweupe kwenye farasi au kwapani mwa askari, usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu: ni sumu. Vaa glavu, mtoe, mtenge na wenzake, na ubadilishe makazi. Risasi ikae kwenye chuma kilichopakwa na kukauka kabisa, au kioo, na unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 55. Kipimo kidogo cha unyevu kiweke ndani ya kabati, si ukutani mwa chumba. Na kila umshikapo askari wa risasi, nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasipewe kuchezea.

Adui wa pili alinipata mwenyewe. Nilikuwa na kifaru cha 1:35 chenye minyororo ya vinili laini, kimekaa miaka sita bila kuguswa. Siku nilipokiinua, magurudumu yalibaki yameshikana na mnyororo: plastiki ilikuwa imeyeyuka kabisa pale vilipogusana. Kile kilainisho kinachoifanya vinili ijipinde huvuja polepole na kuitafuna polistirini. Tangu siku hiyo minyororo laini ya zamani naibadilisha kwa ile ya vipande vigumu, na isipopatikana, napaka magurudumu matabaka mawili ya rangi na vanishi kabla ya kuivalisha. Ndani ya seti zisizofunguliwa, minyororo na tairi navitia kwenye mfuko wake peke yake. Mpira wa tairi nao una tabia hiyohiyo juu ya vizingo vya plastiki.

Na usihifadhi chochote ukikifunga moja kwa moja kwa sponji. Baada ya miaka sponji huoza, inanata kama gundi na kuacha alama. Tanguliza karatasi laini isiyo na asidi.

Alama za Kinazi zinahitaji uamuzi. Nchini Ujerumani kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuzionyesha hadharani, na ndiyo sababu seti nyingi zinakuja bila alama hiyo au ikiwa imekatwa vipande viwili. Ukisafirisha au kufanya maonyesho, ujue sheria ya unakokwenda. Nyumbani kwangu kila gari lina kibao kidogo: aina, kikosi, mahali, mwezi na mwaka. Mgeni akiuliza kwa nini nina kifaru cha upande ule, kibao kinaanza mazungumzo, nami namweleza nani walikuwa ndani na nini kilitokea pale. Naona ni haki kwa waliokufa pande zote kwamba kitu hiki kisikae rafuni kama pambo tu.

Hatua ya 8: Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kipe namba, na namba hiyo iandike kwa penseli chini ya kibao au kwenye lebo ya uzi, kamwe si kwa wino juu ya kitu chenyewe. Katika daftari au jedwali la kompyuta andika mtengenezaji, namba ya katalogi, skeli, gari na kipindi chake, tarehe na bei uliyonunua, hali yake, kilichorekebishwa au kubadilishwa, na picha nne: mbele, nyuma, chini, na kasoro. Ile picha ya chini ndiyo watu husahau, nayo ndiyo inayobeba jina la kiwanda na ushahidi wa ribiti.

Ongeza safu moja zaidi: kwa nini ulikinunua. Sentensi moja. Ukikosa la kuandika hapo, kitu hicho ndicho cha kwanza kuuzwa utakapohitaji nafasi. Nakala ya daftari mpe ndugu anayeaminika, pamoja na maelezo ni vipi vya thamani na vipi ni nakala, ili siku usipokuwepo asiviuze vyote kwa bei ya vichezeo.

Hatua ya 9: Kuvisafirisha

Kifaru kilichokamilika kisifungwe kwa kukandamizwa. Kikaze kwa skrubu kwenye ubao kupitia chini ya mwili, ubao uubane ndani ya boksi, na juu yake pasiguswe na kitu. Mtutu ugeuze uelekee nyuma kama vifaru halisi vinavyosafirishwa kwa reli, na uushikilie kwa uzi laini. Boksi hilo likae ndani ya boksi kubwa zaidi, lenye angalau sentimita 5 za kitu laini kila upande. Vipande vinavyong'oka kwa urahisi, kama waya za redio na rashasha ya juu, vitoe mapema uvifunge peke yake, uandike namba. Askari wa risasi kila mmoja apate karatasi yake na chumba chake, maana wakigongana rangi humeguka, na rangi ya kiwandani ya mwaka 1910 hairudi. Kwenye gari la safari, boksi likae sakafuni nyuma ya kiti, mbali na jua la kioo, na lisibaki humo mchana mkishuka kula.